Menifodi ya Injini Moja Tu

Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilileta sokoni gari lake la 300F, na kila aliyefungua boneti alikuta jambo geni. Juu ya injini ya V8 ya lita 6.8 ilipita mirija minene ya alumini, imevuka kutoka ubavu mmoja wa injini kwenda wa pili, na mwisho wake, kila upande, palikaa kabureta karibu kabisa na madigadi. Kila mrija ulikuwa na urefu wa sentimita 76. Mirija hiyo ya kuingizia hewa ndiyo menifodi. Lakini kiwanda kilikuwa na menifodi ya pili kwa ajili ya wateja wachache waliotaka kasi kuliko starehe. Ukiziweka zote mbili mezani, kwa nje hutambui ipi ni ipi. Tofauti ilikuwa ndani: katika ile ya pili, sehemu ya ukuta unaotenganisha mrija na mwenzake ilikuwa imeondolewa, hivyo urefu unaofanya kazi ukabaki sentimita 38.

Kwa menifodi ndefu, kiwanda kilitangaza nguvu za farasi 375 na nguvu ya msokoto, ile mafundi wanayoiita toki, ya nyutonimita 671 injini ikiwa kwenye mizunguko 2,800 kwa dakika. Kwa menifodi fupi nguvu za farasi zilipanda hadi 400, toki ikashuka hadi nyutonimita 630 na haikupatikana mpaka mizunguko 3,600. Wenye menifodi fupi walipewa huku, wakanyang'anywa kule.

Hapo ndipo ilipo kazi nzima ya kuunda menifodi ya kuingizia hewa. Hakuna menifodi bora. Kuna menifodi ya injini fulani, yenye kemshafti fulani, yaani shafti inayofungua vali, itakayokimbia kwenye mizunguko fulani, na kila sentimita unayoiongeza au kuipunguza ni uamuzi wa kuacha kitu. Muuzaji anayekuambia kwamba bidhaa yake inaongeza nguvu hajamaliza sentensi. Mwulize inaongeza kwenye mizunguko ipi na inapunguza kwenye ipi.

Mbio za dragi ndizo zinazompa fundi ruhusa ya kuacha vingi. Magari mawili husimama sambamba, taa ya kijani huwaka, na kwa kawaida safari huisha baada ya mita 402, robo ya maili. Injini haipiti kwenye foleni, haipandi mlima na mizigo, haingoji abiria. Gia zimepangwa ili ikishaondoka kwenye mstari ibaki ndani ya ukanda mwembamba wa mizunguko, tuseme kati ya 7,000 na 9,000, hadi mwisho. Yote yanayotokea chini ya hapo fundi anaweza kuyatupa. Gari la kwenda kazini haliwezi kumruhusu hivyo, na ndiyo maana menifodi ya kiwandani ni suluhu baina ya mahitaji mengi, wakati ile ya dragi inaweza kuelemea upande mmoja bila woga.

Watu walilijua hilo kabla ya 300F. Wahandisi kadhaa wa Chrysler waliokuwa wakishindana kwa muda wao wenyewe, wakijiita Ramchargers, walikwenda kwenye mashindano makubwa ya taifa huko Detroit mwaka 1959 na Plymouth kuukuu ya mwaka 1949 waliyoinyanyua juu na kuipa jina la High and Mighty. Ndani yake waliweka injini ya Hemi ya lita 5.8. Menifodi waliiunda wenyewe: mirija iliyosimama wima kama mnara, na chemba ya hewa yenye kabureta mbili juu yake. Mirija ile iliunganishwa kwa vipande vya hozi ya mpira. Picha zake bado zinatazamwa, na anayeziona kwa mara ya kwanza hudhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Walikuwa wamekokotoa urefu, na hozi iliwafikisha kwenye urefu huo. Menifodi nyingi za kusimama zilizokuja baadaye, zile ndefu zinazotokeza juu ya boneti, zinafuata njia waliyoipasua.

Kwa nini urefu una uzito kiasi hicho? Pistoni inaposhuka, vali ya kuingizia hewa ikiwa wazi, shinikizo ndani ya silinda hupungua. Upungufu huo husafiri kwenye mrija kurudi nyuma kama wimbi, kwa mwendo wa sauti, yaani mita 345 hivi kwa sekunde hewa ikiwa na joto la nyuzi 25. Wimbi likifika kwenye mdomo wa mrija, pale unapofungukia chemba, hugeuka: lililoondoka likiwa la mvuto hurudi likiwa la msukumo. Likifika kwenye vali wakati haijafungwa, na pistoni ikiwa imekaribia kumaliza kushuka, hushindilia hewa ambayo pistoni peke yake isingeweza kuivuta. Likiwahi mno au likichelewa, faida hiyo haipo, na hewa iliyokwisha kuingia inaweza hata kurudishwa nje.

Tufanye hesabu, kwa sababu bila hesabu maneno haya ni hadithi tu. Chukua njia ya sentimita 30, ukijumlisha mrija na tundu lililo ndani ya silinda hedi hadi kwenye vali. Kwenda na kurudi ni sentimita 60, na wimbi litatumia sekunde 0.00174. Injini ikiwa kwenye mizunguko 9,000, krankshafti hugeuka digrii 54,000 kila sekunde, kwa hiyo katika safari hiyo ya wimbi imegeuka digrii 94. Pistoni huvuta kwa nguvu zaidi inapokuwa karibu na katikati ya safari yake ya kushuka. Ongeza digrii 94 hapo, unaikuta iko karibu na chini kabisa, vali ingali wazi, na msukumo umewasili. Sasa ishushe injini ile ile hadi mizunguko 3,000. Wimbi linarudi baada ya digrii 31 tu, pistoni ikiwa bado njiani. Ukitaka lichelewe, lipe njia ndefu zaidi. Ndiyo maana Chrysler walifika sentimita 76 kwa gari la barabarani.

Nguvu ya pili inatokana na uzito wa hewa yenyewe. Watu husema "hewa tu" kana kwamba si kitu. Fikiria daladala asubuhi kituoni: wa mbele wameshapanda na gari limejaa, lakini wa nyuma bado wanasukuma, na konda hawezi kufunga mlango mpaka wawili watatu zaidi wamejibana ndani. Hewa inayokimbia ndani ya mrija mwembamba hufanya vivyo hivyo. Pistoni imeshafika chini na kuanza kupanda, vali haijafungwa, na hewa iliyo nyuma bado inaingia kwa sababu haikuweza kusimama ghafla. Injini za mbio huacha vali wazi kwa makusudi muda mrefu baada ya pistoni kuanza kupanda, na hivyo silinda ya lita moja inaweza kumeza hewa zaidi ya lita moja bila turbo wala supachaja.

Waliolifikisha jambo hili mbali zaidi ni wa daraja la Pro Stock, chini ya NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani kilichoanzishwa na Wally Parks mwaka 1951. Daraja lenyewe lilianza mwaka 1970, na tangu 1982 kanuni zinaruhusu injini ya inchi za ujazo 500, karibu lita 8.2, inayovuta hewa yenyewe bila kusaidiwa. Mwaka 1997, huko Virginia, Warren Johnson alikuwa wa kwanza katika daraja hilo kupita maili 200 kwa saa, ambazo ni kilomita 322. Injini hizo leo hutoa zaidi ya nguvu za farasi 1,300. Piga hesabu ya hewa: kwenye mizunguko 10,000, injini ya lita 8.2 inapitisha mita za ujazo 41 kwa dakika hata kama kila silinda imejaa kiasi chake tu na si zaidi. Kwa hewa ya pwani hiyo ni karibu kilo 48 kila dakika. Na kwenye mizunguko 10,500, vali inayokaa wazi kwa digrii 300 inakuwa wazi chini ya sekunde 0.005. Lita nzima ya hewa lazima ipite katika muda huo, ipinde kona, ipenye kando ya shina la vali, na ijae.

Ukishajua urefu, swali linalofuata ni upana, na hapa ndipo mafundi wengi wanaojifunza wenyewe hupotea. Mtu huona tundu kubwa akadhani ni nguvu kubwa. Tuchukue injini ambayo pengine imefanyiwa kazi hii kuliko nyingine yoyote, V8 ndogo ya Chevrolet iliyotoka mwaka 1955, katika umbo lake la lita 5.7: kipenyo cha silinda milimita 101.6, safari ya pistoni milimita 88.4. Kwenye mizunguko 7,500 pistoni hukimbia kwa wastani wa mita 22 kwa sekunde. Mrija wenye eneo la sentimita za mraba 16 utaipitisha hewa kwa wastani wa mita 112 kwa sekunde, na hewa hiyo ina kishindo cha kutosha kuendelea kuingia pistoni ikishageuka. Panua mrija hadi sentimita za mraba 25, kasi inaanguka hadi mita 72. Umefungua njia, lakini umeua kishindo. Kwenye mizunguko ya juu sana tundu hilo kubwa linaweza kulipa. Kwa injini isiyofika huko, umeharibu alumini.

Mrija wenyewe haupaswi kuwa na upana mmoja mwanzo hadi mwisho. Huwa mpana upande wa chemba, kisha hupungua polepole kuelekea silinda hedi, ili hewa izidi kushika kasi inapokaribia vali. Mdomo wake huviringwa kama mdomo wa tarumbeta. Ukiuacha na ukingo mkali, hewa inayoingia kutoka pembeni huachana na ukuta, na sehemu ya tundu inabaki na hewa inayozunguka bure isiyopeleka kitu. Kuviringa midomo minane kwa mkono ni kazi ya kuchosha ambayo haionekani menifodi ikishafungwa. Mimi huihesabu kuwa kipimo cha uaminifu wa fundi.

Chemba ya hewa nayo ina mjadala wake. Ikiwa ndogo, silinda hunyang'anyana. Ikiwa kubwa mno, kabureta hazisikii vizuri injini inachotaka na petroli haichanganyiki sawasawa dereva anapokanyaga mafuta ghafla. V8 ya Chevrolet ina kisa chake mashuhuri hapa. Mpangilio wake wa kuwasha ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Silinda namba 5 na namba 7 zimekaa jirani upande mmoja na huwasha zikifuatana, kwa hiyo namba 7 huanza kuvuta wakati namba 5 haijamaliza, zote mbili kutoka kona ile ile ya chemba. Kuna mafundi waliochonga kemshafti upya ili kubadilishana zamu za namba 4 na 7 na kuwatenganisha hao majirani. Wengine huinua sakafu ya chemba kwenye kona hiyo, au huweka kizingiti kidogo cha kuongoza hewa. Menifodi ya duka haiwezi kujua kwamba injini yako ina shida hiyo kwa kiasi gani. Ya kuunda inaweza kusahihishwa.

Kazi ya mikono haianzi na kukata bati. Huanza na injini yenyewe kufungwa: bloku halisi, silinda hedi halisi, na gasketi za unene ule ule utakaotumika siku ya mbio. Katika V8, menifodi hukaa bondeni baina ya hedi mbili, na bloku ikishachongwa au hedi zikishakwanguliwa, bonde hilo hubadilika. Hedi zikishuka kwa chini ya milimita moja, matundu hayakutani tena na boliti zinaingia upande. Anayeunda menifodi kwa kufuata vipimo vya kitabu anaunda menifodi ya injini ya mtu mwingine.

Flanji, yaani bamba za kufungia menifodi kwenye hedi, ndizo hukatwa kwanza, kutoka alumini ya 6061 yenye unene wa milimita 10 hadi 12. Mwenye mashine inayoongozwa na kompyuta atazipata safi. Asiye nayo atachora kwa kufuata gasketi, atatoboa matundu ya boliti kwa keekee, atakata kwa msumeno na kumalizia kwa tupa kwenye jiriwa, na flanji hiyo itafanya kazi sawasawa ikiwa mchoraji alikuwa makini. Flanji hufungwa kwenye hedi kwa boliti. Kisha sakafu ya chemba huning'inizwa juu yake kwa vyuma vya muda, katika kimo kilichotokana na hesabu ya urefu. Sasa pengo baina ya flanji na sakafu ndilo linalosubiri mirija.

Mirija ya bati hukunjwa nusu kwa nusu, kisha nusu mbili huunganishwa. Bati la milimita 3 hutosha kwa injini isiyo na turbo. Kabla ya kugusa alumini, umbo hujaribiwa kwa karatasi ngumu ya manila: kata, kunja, weka, kata tena. Silinda za katikati hupata njia karibu kunyooka. Zile za pembeni lazima zipinde ili zifike, na hapo fundi hulazimika kuchagua kati ya urefu sawa na kona ndogo. Wengi hulinda urefu kwanza, kisha hutafuta namna ya kulainisha kona. Nakubaliana nao kwa injini ya mizunguko ya juu, kwa kuwa silinda moja iliyotoka kwenye wimbi lake hufanya kazi kinyume na wenzake saba.

Alumini ni metali yenye hila kwa mchomeleaji. Yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660 za selsiasi, lakini imevaa ngozi nyembamba ya oksidi inayoyeyuka zaidi ya nyuzi 2,000. Asiyejua hupasha moto, akaona ngozi imekaa kimya, akaongeza moto, na ghafla kipande chote kinadondoka sakafuni. Ndiyo sababu kazi hii hufanywa kwa mashine ya TIG yenye umeme wa mkondo geu, ambao nusu ya kila mzunguko wake huing'oa oksidi hiyo, huku gesi ya agoni ikizuia hewa isiguse alumini iliyoyeyuka. Kabla ya hapo kila ukingo husuguliwa kwa brashi ya chuma kisichoshika kutu, brashi ambayo haijawahi kugusa chuma kingine, na kufutwa kwa asetoni inayoachwa ikauke kabisa.

Na hapa niseme jambo moja kwa sauti, maana nimeona gereji nyingi zikilipuuza. Usisafishe alumini kwa dawa ya kupuliza breki yenye klorini kisha ukachomelea. Masalia yake yakikutana na mwanga na joto la tao la umeme hutoa gesi ya fosjini, sumu iliyotumika vitani, na kiasi kidogo chake kinaweza kumuua mtu au kumharibu mapafu. Soma maandishi ya kopo. Kama huna uhakika, tumia asetoni na ufungue milango.

Adui wa pili ni joto lenyewe. Flanji iliyonyooka kama rula hupinda ikichomelewa, kwa sababu alumini iliyoyeyuka husinyaa ikipoa na kuvuta upande wake. Dawa ni kuifunga flanji kwenye bamba nene la chuma, au kwenye hedi kuukuu isiyo na kazi, na kuigusisha mirija kwa nukta ndogo huku na huku badala ya kukamilisha mmoja kwa mara moja. Kisha kila mshono hukamilishwa kwa vipande vifupi, kuhama kutoka mrija wa kwanza hadi wa nane, kurudi wa tatu, kuacha vipoe. Wengine hupitisha agoni ndani ya mrija pia, ili upande wa pili wa mshono utoke safi. Hata kwa uangalifu wote huo flanji itapinda kidogo, kwa hiyo huachwa nene kidogo tangu mwanzo na uso wake huchongwa upya kwenye mashine baada ya kuchomelea. Ukaguzi ni wa rula ya chuma na fila geji: kipande chembamba kisipenye popote.

Mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na Gerezani, Dar es Salaam, watauliza kwa nini tusisubu. Wanao ujuzi huo. Sufuria za alumini ya kusubu kwa mchanga zimelisha familia nyingi. Kusubu kunafaa ukitaka menifodi mia zinazofanana, kwa kuwa kazi ngumu ni kuchonga kielelezo cha mbao na viini vya mchanga vya kila mrija. Kwa injini moja, kielelezo ni gharama ya kitu kitakachobadilika wiki ijayo. Tena alumini ya chakavu iliyochanganywa hovyo hutoka na vitundu vidogo ndani, na siku utakapotaka kukata na kuchomelea upya, vitundu hivyo vitachemka na kutapika. Ya bati inakatika, inaongezeka, inapunguka.

Vijana wetu wengi wanaopenda kasi hawana V8. Wana Toyota yenye 2JZ, ile ya silinda sita za mstari, lita tatu, na wanataka kuiwekea turbo kubwa. Kanuni za mawimbi zipo pale pale, ila kuna jambo jipya linaloweza kuumiza. Chemba ya injini inayovuta yenyewe hubeba shinikizo lisilozidi la hewa ya nje. Ya turbo husukumwa kutoka ndani. Ukuta wa chemba wenye urefu wa sentimita 50 na upana wa 15, ukiwa chini ya msukumo wa baa 3, unabeba zaidi ya tani mbili. Bati bapa la milimita 3 litavimba, mshono utapasuka, na vipande vya alumini havitajua nani amesimama karibu. Chemba ya turbo ijengwe ya duara au nusu duara, bati liwe nene zaidi, na ndani ziwekwe mbavu za kushikilia kuta. Hewa nayo huingia kwa upande mmoja wa chemba ndefu na kupenda kukimbilia mwisho, hivyo silinda ya mwisho hupata nyingi kuliko ya kwanza. Chemba inayopungua upana kuelekea mwisho husaidia kugawa sawa.

Kabla ya injini kuwashwa menifodi huzibwa matundu yote, hutiwa hewa ya shinikizo dogo, na kuzamishwa kwenye pipa la maji au kupakwa povu la sabuni. Kiputo kimoja kinatosha kuirudisha mezani. Tundu la sindano kwenye mshono hufanya silinda moja ivute hewa isiyopimwa, mchanganyiko wake uwe na petroli haba, na kwenye mizunguko 9,000 pistoni ya silinda hiyo inaweza kutoboka kabla dereva hajahisi chochote. Inayopita jaribio hilo hupelekwa kwenye benchi la kupimia mtiririko. Hedi hupimwa peke yake, kisha ikiwa na menifodi. Kinachotafutwa si namba kubwa tu, bali mirija minane inayokaribiana. Mrija mmoja ukiachwa nyuma na wenzake, fundi hupeleka udongo laini wa kufinyanga kwenye kona yake, hubadilisha umbo, hupima tena, na akipata anachotaka hukijenga kwa chuma au kwa epoksi isiyoyeyuka kwa petroli.

Kwa miaka mingi Pro Stock walikuwa na tatizo ambalo benchi halioneshi. Juu ya chemba zao palikaa kabureta mbili kubwa, na kilichopita kwenye mirija hakikuwa hewa tupu bali hewa na matone ya petroli. Matone ni mazito. Kwenye kona hewa hupinda, matone hunyooka na kugonga ukuta, hutiririka kama mchirizi na kuingia silindani kwa vipindi. Mafundi waliacha ndani ya mirija na ngozi ya mparuzo badala ya kung'arisha kama kioo, ili mchirizi uvunjike na kurudi hewani. Anayekuambia kwamba ndani ya menifodi ya kabureta lazima pang'ae anazungumzia uzuri.  Kisha mwaka 2016 NHRA waliamuru daraja hilo liache kabureta na kutumia nozeli zinazoendeshwa kwa kompyuta, wakaondoa vile vibanda vya hewa juu ya boneti na kuweka kikomo cha mizunguko 10,500. Menifodi zilizokuwa zimenolewa kwa miongo kadhaa zikawa hazina kazi. Mirija sasa ilipitisha hewa kavu hadi karibu na hedi, kona zilizokatazwa zikaruhusika, chemba ikabadilika umbo, na kila timu ikarudi mezani na karatasi ya manila.

Mahali napo pana sauti yake. Kiwanja cha dragi cha Bandimere, karibu na Denver, kilichofungwa mwaka 2023, kilikuwa mita 1,768 juu ya usawa wa bahari, na timu zilizowasili huko zilikuta injini zao zimepungukiwa na shinikizo la hewa kwa karibu asilimia 19 kulinganisha na pwani. Nairobi iko karibu na kimo hicho hicho. Fundi wa Mombasa na fundi wa Nairobi wakiunda menifodi za injini zinazofanana, urefu wa mirija hautatofautiana sana, kwa kuwa mwendo wa sauti hufuata joto la hewa zaidi kuliko shinikizo lake. Ila wa Nairobi ana hewa pungufu ya kugawa, na kosa la mgawanyo baina ya silinda litamgharimu sehemu ya kile kidogo alichonacho. Wa Mombasa naye ana unyevu na joto. Kwa nyuzi 40 ndani ya boneti, mwendo wa sauti umepanda hadi karibu mita 355 kwa sekunde, na wimbi linawahi.

Baada ya mbio ya kwanza, plagi zote nane hutolewa na kupangwa mezani kwa namba zake. Rangi ya kauri na alama za joto kwenye ncha huonesha silinda ipi ilipata hewa nyingi, ipi ilibaki na petroli ya ziada. Vipimo vya joto la moshi kwenye kila bomba la ekzosi huthibitisha au hukanusha. Namba 7 ikionekana kavu na namba 5 nyeusi, menifodi inashushwa, mrija unakatwa chini ya sakafu ya chemba, sentimita moja inaongezwa au kuondolewa, agoni inafunguliwa tena, na flanji inarudishwa kwenye rula ya chuma kabla ya boliti ya kwanza kukazwa.